Vitabu vya Katuni na Mtoto Anayeogopa Kuandika

Mzazi akimkuta mtoto wake akicheka juu ya kitabu cha katuni, mara nyingi humnyang'anya na kumpa "kitabu cha maana". Nia yake twaielewa, lakini tunamwomba asubiri kidogo.

Mwandishi Dav Pilkey alizaliwa mwaka 1966 katika jimbo la Ohio, Marekani. Utotoni kusoma kulimwia vigumu, wala hakuweza kutulia darasani. Aligunduliwa kuwa na disleksia pamoja na tatizo la kukosa umakini. Kwa kuwa alivuruga masomo, alitolewa nje mara kwa mara, akae kwenye dawati koridoni. Huko ndiko alikombuni Captain Underpants, shujaa aliyevaa chupi na joho. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1997. Kile cha Dog Man, askari polisi mwenye kichwa cha mbwa, kilitoka mwaka 2016.

Ndani ya vitabu hivyo wamo wavulana wawili, George na Harold, wanaotunga katuni zao wenyewe, nazo zina makosa mengi ya tahajia yaliyoachwa kwa makusudi. Mtoto aliyezoea kuona daftari lake limejaa wino mwekundu anakuta hadithi inachekesha na kueleweka pamoja na makosa yake, naye anatafuta penseli. Michoro ni mistari michache tu, na kurasa za mwisho za Dog Man humwonyesha hatua kwa hatua namna ya kuichora. Mwaka 2020 Pilkey alitoa Cat Kid Comic Club, ambamo vyura wachanga wanafundishwa kutunga katuni. Somo gumu kwao ni kukubali kukosea.

Mizaha yake mingi ni ya chooni, hatufichi. Huko Marekani Captain Underpants aliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi maktabani mwaka 2012 na 2013. Mzazi na asome kwanza, kisha aamue. Lakini kumnyima mtoto anayehangaika na kusoma kitabu pekee anachokifungua kwa hiari, hiyo twaiona hasara kubwa kuliko utani wa chupi.

Wala si lazima kununua. Karatasi moja, ikikunjwa mara tatu na kupasuliwa kidogo katikati, huwa kijitabu cha kurasa nane. Mtoto akikuletea hadithi yake, isome hadi mwisho, umwulize yaliyompata mhusika, ndipo mzungumzie herufi.