Mkulima, tazama ramani kabla ya kufyeka shamba jipya

Na Mwandishi Wetu

UKISAFIRI kwa basi kutoka Arusha kwenda Babati, baada ya njia panda ya Makuyuni utaona mashamba ya mahindi, maduka na nyumba za bati kandokando ya lami. Abiria mgeni hawezi kutambua kwamba hapo Kwakuchinja anakatiza njia ya wanyama. Kushoto kwake ni Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na kulia ni Ziwa Manyara. Kwa miaka mingi nyumbu, pundamilia na tembo wamekuwa wakivuka hapo kufuata maji na malisho.

Mkulima wa eneo hilo anaifahamu njia hiyo vizuri, kwa sababu tembo wakiingia shambani usiku mmoja, kazi ya msimu mzima huishia hapo. Swali ambalo wengi hujiuliza wakiwa wamechelewa ni kama shamba lile lilistahili kuwa pale. Jibu lake lipo kwenye ramani.

Ramani zinaonyesha nini

Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na James Allan wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha ramani ya dunia nzima katika jarida la PLOS Biology. Walichukua spishi 5,457 za ndege, mamalia na amfibia zilizo hatarini, kisha juu ya maeneo zinamoishi wakaweka ramani za mashamba, malisho, majengo, msongamano wa watu, taa za usiku, barabara, reli na njia za majini.

Waligundua kwamba spishi 1,237, yaani karibu robo, zinakabiliwa na vitisho hivyo katika zaidi ya asilimia 90 ya maeneo yao. Spishi 395 hazijabakiwa na sehemu salama hata moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila spishi ilipimwa kwa shughuli zinazoidhuru yenyewe tu. Kwa hiyo ramani ya namna hii haisemi kwamba binadamu aondoke kila mahali. Inaonyesha ni kazi gani, mahali gani, inamdhuru mnyama gani.

Jembe na ng'ombe

Tarangire ni mfano mzuri. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika kwenye Mto Tarangire ndani ya hifadhi. Mvua zikianza hutawanyika, na nyumbu na pundamilia wengi huelekea tambarare za Simanjiro, ambazo ni ardhi ya vijiji. Huko ndiko nyumbu huzaa, kwa kuwa nyasi zake fupi zina fosforasi na kalsiamu nyingi zinazohitajiwa na mama anayenyonyesha.

Picha za setilaiti zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1984 na 2000, eneo lililolimwa katika Nyika ya Maasai liliongezeka takriban mara tano. Nyumbu waliohesabiwa kwa ndege mwaka 1988 walikuwa zaidi ya 48,000. Mwaka 2001 hawakufika 6,000. Uwindaji nao ulichangia. Hata hivyo, ng'ombe wa Wamasai walikuwa wakichunga pamoja na nyumbu hao tangu zamani. Kilichoongezeka ni jembe na trekta.

Nyumbu kama spishi bado hayumo katika orodha ya walio hatarini, lakini twiga na tembo wanaotumia ardhi hiyohiyo wamo. Twiga aliwekwa humo mwaka 2016, na mwaka 2021 tembo wa savana akapandishwa daraja la hatari zaidi.

Hesabu ya mkulima

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari. Kiwango cha juu kilikuwa Sh100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi tano. Shamba lilivyokuwa karibu zaidi na mpaka wa hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua. Laki moja ni bei ya gunia moja au mawili ya mahindi. Haiwezi kulipa mbegu, mbolea na palizi. Anayefyeka shamba kwenye njia ya tembo, basi, anapanda hasara pamoja na mbegu.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa mpango unaoorodhesha shoroba 61 za wanyamapori nchini, 20 kati yake zikipewa kipaumbele. Wanavijiji wengi huingiwa na hofu wanaposikia neno ushoroba, wakidhani ramani ikishachorwa ardhi itachukuliwa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na dawa yake ni wanakijiji wenyewe kushika kalamu. Kijiji kina uwezo wa kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, ukapitishwa na mkutano mkuu, ukatenga mashamba, makazi, malisho na mapito.

Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilionyesha njia katika miaka ya 2000. Kilikubaliana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya tambarare zake isilimwe, nacho kilipwe kila mwaka. Ardhi ilibaki mali ya kijiji, ng'ombe wakaendelea kuchunga, nyumbu wakapata pa kuzalia. Katika wilaya hiyohiyo, kijijini Loibor Siret, wafugaji wamezungushia maboma yao miti hai iliyofungwa waya. Simba anashindwa kuingia, na mfugaji anakosa sababu ya kumuua kwa kulipiza kisasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kijiji kinachopakana na hifadhi, ramani ndiyo daftari. Kabla ya kukodi trekta msimu ujao, fika ofisi ya kijiji uulize kama ramani ipo. Kama haipo, iwe ajenda ya mkutano mkuu unaofuata.