Simu yako ikizima, usikimbilie kuiflashi

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya kazi yetu ya mchana.

Wengi hapa Nakivale mnatujua kama walimu wa kujitolea. Asubuhi tunashika chaki, na vipindi vikiisha tunashika bisibisi. Hatuna duka wala kibao mlangoni. Tuna meza moja, kisanduku cha vifaa na sola ndogo juu ya bati. Kazi hii tulijifunza kidogo kidogo, kwenye kompyuta za shule zilizokuwa zimelala, na kwa mafundi waliotutangulia. Mtu akija na simu, kompyuta au flashi, tunaitazama. Ikipona, anatupa alicho nacho: mara shilingi 2,000, mara kopo la maharage, mara anasema tu, "Mungu awabariki."

Wengine wanashangaa hata hiyo 2,000. Wanasema, "Lakini mwalimu, si umegusa tu ikawaka?" Ni kweli tumegusa tu. Lakini kujua pa kugusa kulituchukua miaka.

Tukitazama vifaa vilivyopita mezani kwetu, tunaona jambo moja: vingi vilivyoletwa vikiwa "vimekufa" havikuwa vimekufa. Na hatari kubwa haikuwa ule ubovu wenyewe. Hatari ilikuwa haraka ya kusema, "Futa yote, tuanze upya." Ndiyo maana tunaandika, ili familia zetu zijue la kufanya kabla simu haijafikishwa kwa fundi.

Magonjwa tunayoyaona kila wiki

La kwanza ni vumbi. Ninyi mnaijua barabara yetu wakati wa kiangazi. Simu inakaa mfukoni, vumbi na nyuzi za nguo zinaingia kwenye tundu la chaji, zinagandamana humo kama udongo. Waya wa chaja haufiki mwisho, chaji haiingii, na mwenye simu anaamini betri imekufa. Dawa yake ni kuzima simu, kuchukua kijiti cha meno cha mti, siyo sindano wala pini ya chuma, na kutoa ule uchafu polepole. Usimwage maji, usipulizie mate. Simu nyingi zinapona hapo hapo.

La pili ni umeme usiofaa. Baadhi yetu tunachomeka simu moja kwa moja kwenye paneli ya sola. Paneli iliyoandikwa volti 12, jua likiwa kali, inaweza kutoa volti 18 na zaidi. Simu za kawaida zinataka volti 5. Ni kama kumpa mtoto mchanga chakula cha mtu mzima. Lazima katikati pawe na kifaa cha kupunguza na kutuliza huo umeme. Usipokiweka, siku moja utanusa harufu ya kuungua, na hapo hata sisi hatuna la kufanya.

Tena, betri ikivimba mpaka mfuniko unainuka, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe ili hewa itoke, usiigandamize, wala usiianike juani. Betri hizo zina lithiamu na kimiminika kinachowaka upesi. Ikitobolewa inaweza kuwaka moto ghafla. Na nyumba zetu mnazijua, moto hauna mahali pa kusimama. Watoto wasipewe betri kuukuu kuchezea.

La tatu ni virusi vya flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi kwenye kompyuta ya mtu, akirudi nayo anakuta mafolda yake yamegeuka vijialama vidogo vyenye mshale, akibonyeza hakuna kinachofunguka sawasawa. Anakuja analia kwamba kazi yake imefutwa. Mara nyingi haikufutwa. Kile kirusi kimeyaficha mafaili na kuweka alama za uongo mahali pake. Ukiwasha ile sehemu ya kompyuta ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, unayakuta yote yametulia. Kwa hiyo kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati flashi, jibu hapana, usibonyeze tena vile vijialama, kisha tafuta msaada.

La nne ni kompyuta isiyojua mwaka. Darasani tulikuwa na kompyuta moja ambayo kila asubuhi ilikuwa inasema ni mwaka 2009. Ukifungua intaneti, kurasa zinakataa, zinaandika kwamba mahali hapo si salama. Wanafunzi walisema, "Hii ina virusi vikali." Kumbe ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna kabetri kadogo ka mviringo, ka volti 3, kenye umbo la sarafu. Ndiko kanakoshika saa wakati umeme umekatika. Kakiisha, saa inarudi nyuma. Na kurasa za intaneti zina hati za usalama zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko 2009, inaona hati ya leo bado haijaanza, basi inakataa. Tulibadilisha kabetri, tukapanga saa, mambo yakawa sawa.

Kompyuta nyingine ilikuwa inalia pi, pi, pi bila kuonyesha picha. Tuliizima, tukachomoa waya wa umeme, tukatoa kile kipande cha kumbukumbu, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, tukarudisha. Ikawaka. Wanafunzi wa msingi walicheka sana kuona kifutio cha penseli kimefufua kompyuta.

Simu siku hizi ni sanduku la familia

Zamani mtu akikimbia alifunga mzigo: nguo, sufuria, vyeti kwenye mfuko wa plastiki. Leo wengi tunakimbia na simu, na ndani ya simu ndiko kuna vyeti. Mle kuna picha ya barua ya usajili, matokeo ya mtihani wa mtoto, namba za shangazi na wajomba, sura ya baba aliyebaki, pengine na kaburi ambalo hatutaliona tena. Kwa hiyo fundi akisema "tuiflashi", maana yake ni kufuta kila kitu na kuweka programu upya. Simu itawaka, ndiyo, lakini sanduku litakuwa tupu.

Vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu mwezi wa pili, watu wengi hapa walikuwa hawalali, wanasubiri simu ilie. Baadaye mwaka huo alitujia mama mmoja wa Kivu ya Kusini. Simu yake ilikuwa imezima siku tisa. Mahali alikotangulia kwenda walimwambia dawa ni kuiflashi, arudi na pesa kesho yake. Hakuwa na pesa, ndiyo sababu akaja kwetu. Tukamwuliza, "Mama, ndani kuna nini usichotaka kipotee?" Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Kuna sauti ya mwanangu."

Mtoto wake alikuwa amebaki Bukavu. Ujumbe wa mwisho aliotuma ulikuwa wa sauti, chini ya dakika moja. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena. Ule ujumbe ulikuwa ndani ya simu ile tu, hakuna mahali pengine.

Hatukuflashi. Tulisafisha tundu la chaji, bado ikakataa. Tukatafuta betri nyingine ya simu ya aina ile ile, jirani akatuazima. Tukaichaji nusu saa, tukabonyeza, ikatetemeka mkononi ikawaka. Kumbe programu haikuwa na shida yoyote, betri tu ndiyo ilikuwa imechoka. Mama akatafuta ule ujumbe mwenyewe. Tukatoka nje tukamwacha asikilize.

Aliporudi kutuita, tuliuweka kwenye memori kadi, tukautuma pia kwenye simu ya binti yake. Sasa sauti ile iko mahali patatu. Kijana mwenyewe mpaka tunaandika haya hajapatikana. Tulimsindikiza mama kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaosaidia kutafuta ndugu waliopotezana, na jina limeandikwa. Kazi hiyo wanaifanya bure, na yeyote mwenye ndugu aliyepotea anaweza kuwaendea.

Siri ya mwenye simu

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Dada zetu wengi wanaogopa kumwachia fundi simu. Wanaogopa picha zao zisije zikaonekana, au ujumbe wa nyumbani ukasomwa na kugeuka maneno ya sokoni. Hofu hiyo ina haki. Mtu akishika simu yako imefunguka, amekwisha kuingia chumbani kwako.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea taratibu, na tunawaomba mzidai kwa fundi yeyote. Simu inatengenezwa mwenyewe akiwa amekaa hapo. Kama lazima ibaki, mwenyewe anatoa laini na memori kadi aende nazo. Namba ya siri anaibonyeza yeye, hatuiandiki popote. Hakuna picha tunayofungua, labda mwenyewe aombe tuihamishe. Na kabla ya kufuta chochote, tunauliza mara mbili. Fundi akikasirika kwa sababu umetaka kukaa karibu na simu yako, chukua simu yako, ondoka kwa heshima.

Na wale wanaopiga kutoka mbali wakiomba namba? Hawa nao tunawasikia kila mwezi. Mtu anajifanya yuko kwenye ofisi ya safari za Marekani au Kanada, anasema jina lako limetoka, umtumie ile namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako. Ile namba ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, ataanza kuomba pesa kwa ndugu zako kwa jina lako. Huduma za UNHCR ni bure, kuanzia kuandikishwa mpaka kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayeomba pesa au ile namba ni mwizi, hata akijua jina la bibi yako.

Mambo ya kufanya wiki hii

Tunawaomba kila familia ikae pamoja jioni moja, wenye kusoma wawasaidie wasiosoma, wafanye haya:

1. Andikeni namba za ndugu wote kwenye daftari la karatasi. Daftari halihitaji chaji. Liwekwe pamoja na makaratasi ya familia.

2. Picha na sauti zenye thamani ziwe mahali pawili au zaidi: kwenye simu, kwenye memori kadi, na kwa ndugu mnayemwamini. Picha ya barua ya usajili isitumwe ovyo kwenye makundi.

3. Jueni akaunti ya Google iliyo ndani ya simu yenu. Wengi walifunguliwa na kijana wa dukani, hawajui jina wala neno la siri. Tangu mwaka 2015 simu za Android zina kinga: simu ikifutwa bila njia ya kawaida, inadai ile akaunti ya kwanza. Usipoijua, simu yako mwenyewe inakugeuka na kukuona mwizi. Fungueni yenu, muiandike mahali pa siri.

4. Bonyezeni *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ndiyo namba ya simu yenyewe. Iandikeni. Simu ikiibwa, mtaihitaji mkienda polisi.

5. Ukikosea namba ya siri ya laini mara 3, laini inajifunga na kudai PUK. Usibahatishe! Ukikosea PUK mara 10, laini hiyo imekufa kabisa. Nenda kwa watu wa mtandao wako na hati zako, watakupa PUK.

6. Ukifuta picha kwa bahati mbaya kwenye memori kadi, toa kadi mara moja, usipige picha nyingine. Picha iliyofutwa mara nyingi bado ipo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, na kuna programu za kuirudisha. Ukiendelea kupiga, unaizika.

Wazazi, msiwaogope watoto wenu wanaofungua redio na simu mbovu kutazama ndani. Hakikisheni tu kwamba hakuna umeme na betri imetolewa, halafu waleteni kwetu. Jumamosi baada ya saa nane tunakaa na vijana, wavulana kwa wasichana, tunafundishana. Hatuna cheti cha kuwapa, lakini bisibisi tunazo tatu, na vifutio vya penseli ni vingi.

Mwenye swali atuandikie karatasi, aitumbukize kwenye sanduku la barua la gazeti. Tutajibu toleo lijalo.