Bomba la maji safi na bomba la choo katika mtaro mmoja

Juma hili tuzungumzie kitu kilichofichwa chini ya sakafu zetu, nacho ni mabomba. Wengi wetu hapa Mwanza tunapojenga huulizia kwanza bei ya bati, nondo na marumaru. Fundi bomba huitwa mwishoni, akapewa siku moja, na kesho yake zege linamwagwa.

Kosa ninalotaka kulieleza ni la kulaza bomba la maji safi katika mtaro mmoja na bomba la choo. Katika vilima vyetu kosa hili lina chanzo chake. Ukipanda Isamilo, Bugando au Igogo, utaona udongo ni haba na mawe ndiyo mengi. Fundi akishapata upenyo wa kuchimba kati ya majabali mawili, hana hamu ya kutafuta wa pili. Hupitisha yote humo humo, akafukia, akalipwa.

Mtu atauliza: maji yamo ndani ya bomba kwa nguvu, uchafu utaingiaje? Ni kweli, maji yakiwapo, penye ufa huvuja kwenda nje. Tatizo huja yakikatika. Maji ya mji huu hutoka ziwani, Capripoint na Butimba, hupandishwa kwenye matangi ya vilimani, kisha huteremka majumbani. Kila mita 10 za kimo ni sawa na presha ya baa 1. Siku ya mgao, jirani wa bondeni akifungua koki, maji yaliyobaki katika bomba la huko juu humteremkia, na nyuma yake bomba hubaki tupu likivuta, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Ikiwa kiungo chenye ufa kimezama katika maji ya choo, kitavuta maji hayo. Mgao ukiisha, anayekinga ndoo ya kwanza ndiye anayeyapata. Na yule anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huzidisha uvutaji huo, kwake na kwa majirani zake.

Tusidhani haya ni ya maskini tu. Mwaka 1933 mji wa Chicago, Marekani, ulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Katika hoteli mbili za fahari mabomba yaliungwa vibaya, maji machafu yakaingia katika ya kunywa. Watu zaidi ya 1,000 waliugua ugonjwa wa kuhara unaoletwa na amiba, na 98 wakafa.

Sasa, nyumba imekwisha jengwa, ufanyeje? Anza na dira ya maji. Funga koki zote, pamoja na ile inayojaza tangi, kisha itazame dira kwa nusu saa. Ikizunguka, panavuja upande wako, na gharama ya hapo ni yako. Lakini dira iliyotulia haikuhakikishii kwamba mabomba yamelazwa sawa. Mfuate fundi aliyejenga, au fukua kidogo penye chemba.

Ukikuta mabomba hayo yamelala pamoja, usikubali kufungiwa mpira na kufukiwa tena. Hicho ni kiraka. Lililo rahisi, na mara nyingi lenye nafuu kuliko kung'oa marumaru, ni kuliacha bomba la zamani lilipo, kulikata na kuliziba kabisa, kisha kupitisha jipya juu ya ukuta wa nje. Halipendezi macho, lakini likivuja utaliona. Penye udongo wa kutosha, tenganisha mitaro. Kanuni ya Marekani kwa mabomba makuu ni futi 10 kati yao, na yakikatizana, la maji safi lipite juu kwa inchi 18. Mlimani kwetu futi 10 ni vigumu kuzipata, ila zile inchi 18 hazimshindi mtu.

Baada ya hapo safisha. Kwa tangi la lita 1,000 lililojaa, tia lita 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato, fungua kila koki mpaka harufu ifike, funga, uache usiku kucha. Maji hayo yasinywewe. Yamwage yote, kisha suuza.

Kwa wanaojenga sasa, kuna desturi ya nchi za baridi inayotufaa. Huko hupitisha mabomba ya maji moto sakafuni ili kupasha nyumba joto. Sisi joto tunalo la kutosha, ila wenzetu hawamwagi zege kabla ya kuyajaza mabomba maji na kuyapima kwa presha inayozidi ya kawaida, na huiacha presha humo wakati zege linamwagwa, ili msumari au koleo likitoboa waone papo hapo. Fundi wako afanye vivyo hivyo kwa pampu ya mkono. Akimaliza, piga picha za mitaro yote kwa simu kabla haijafukiwa, na umpe nakala mpangaji wako.