Vumbi la Tofali

Usiku wa kuamkia Nane Nane, mwaka 2025, nilikuwa Mikumi, pale malori yanapoegeshwa kando ya barabara kuu ya Iringa. Nilikuwa nasubiri usafiri wa alfajiri wa kwenda kwenye maonesho ya wakulima Morogoro. Madereva wa Tunduma walikuwa wamelala ndani ya magari yao, na mama lishe alikuwa anapepea mkaa wa chai. Mimi nilikuwa nimeinamia simu, nikifuatilia fainali ya tenisi iliyochezwa Montreal, Kanada, ambako bado ilikuwa Agosti 7. Victoria Mboko, binti wa miaka 18, alishapoteza seti ya kwanza 2-6 mbele ya Naomi Osaka. Akachukua ya pili 6-4. Ya tatu akaimaliza 6-1, nikajikuta nimepiga paja kwa nguvu.

"Kashinda nani, kaka yangu?" mama lishe akauliza.

Nikamwambia ni binti wa Kanada, ila baba na mama yake asili yao ni Kinshasa.

"Basi wa kwetu huyo," akasema, akanimiminia chai.

Mashindano ya Montreal yako ngazi moja tu chini ya yale makubwa manne ya dunia: Australia, Roland Garros, Wimbledon na ya Marekani. Mboko aliingia kwa mwaliko maalumu wa waandaaji, akiwa nafasi ya 85 duniani. Njiani aliwatoa wanawake wanne waliowahi kutwaa mataji makubwa: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na mwisho Osaka mwenyewe. Katika nusu fainali Rybakina alibakiza pointi moja tu amtoe. Mtu akikusimulia habari hiyo utadhani ni muujiza wa wiki moja, na ndivyo wengi walivyoisimulia.

Mimi nilikuwa nakumbuka mechi nyingine. Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana chini ya miaka 18, wawili kwa wawili. Upande mmoja wa wavu alisimama Mboko, akiwa na miaka 15, pamoja na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili alikuwa Angella Okutoyi wa Nairobi, pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi kwa pointi 11 kwa 9. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa haijawahi kupata taji la vijana katika mashindano yoyote kati ya yale makubwa manne. Siku hiyo, kwenye kiwanja hicho, Mkenya alimshinda binti ambaye miaka mitatu baadaye angetwaa Montreal.

Okutoyi hajashindwa kitu. Mwaka 2024 alirudi na dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra, na amesoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Lakini ukiwaweka mabinti hawa wawili pamoja, utaona kwamba kilichowatenganisha baada ya Wimbledon si mkono wala moyo. Tazama alikotokea kila mmoja. Okutoyi na pacha wake walibaki bila mama tangu siku ya kuzaliwa. Walilelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya usafi katika shule moja Nairobi. Ili Okutoyi apate mechi za kumpima, ilibidi asafiri na kikosi cha vijana kinachogharamiwa na Shirikisho la Tenisi la Kimataifa pamoja na fedha za mashindano makubwa yenyewe. Mboko alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ambayo kaka na dada zake wote walishika raketi, akakulia katika nchi yenye kituo cha taifa cha mafunzo na kalenda iliyojaa mashindano. Mwaliko wa Montreal ulimfikia kwa sababu waandaaji walikuwa watu wa nyumbani kwake, waliomwona akikua.

Watu wengi hutazama tenisi kutokea juu kushuka chini. Wanaiona fainali, kombe na machozi. Ukiitazama kutoka chini, mashindano makubwa ni kipandio cha mwisho cha ngazi ndefu. Kwenye jedwali la Wimbledon kuna wachezaji 128 wa kila jinsia, na wengi wao huingia kwa cheo chao duniani. Cheo hicho hujengwa kwa pointi, na pointi huokotwa kuanzia mashindano madogo kabisa, yale ambayo zawadi zote kwa pamoja ni dola 15,000 na watazamaji ni makocha na wazazi. Anayeishi karibu na mashindano hayo hulipa nauli ya basi. Anayeishi mbali hulipa ndege, hoteli na viza, na akitolewa raundi ya kwanza amebaki na deni. Kwa hiyo nchi yenye mashindano madogo mengi hutoa wachezaji, hata kama watoto wake hawana kipaji zaidi kuliko wa jirani. Rwanda imeliona hilo: tangu 2024 Kigali inaandaa mashindano ya Challenger, yaliyo daraja moja chini ya ziara kuu ya wanaume, kwenye viwanja vya Kicukiro. Mchezaji wa ukanda wetu sasa anaweza kukutana na wageni wenye vyeo bila kuvuka bahari.

Na kwetu, wilaya ya Kilosa? Kwa mpira wa miguu, netiboli na riadha, mtoto wa Kilosa anayo ngazi. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, humtoa shuleni hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na kila hatua kuna mtu wa kumpima na basi la kumpeleka. Ngazi ya tenisi sijaiona hapa. Mjini Dar es Salaam kuna viwanja vya Gymkhana, na kwa miaka mingi huko ndiko habari ya mchezo huu ilikoanzia na kuishia masikioni mwetu. Watu wakaamini tenisi ni mchezo wa wenye kilabu, unaotaka majani ya Ulaya na fedha za Ulaya.

Hapo ndipo nataka kuzungumzia tofali. Uwanja mwekundu wa Roland Garros, unaoonekana kwenye televisheni kama zulia, juu kabisa ni vumbi la matofali ya kuchoma, unene wake milimita moja au mbili tu. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, kisha kokoto, kisha mawe. Mtindo wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya jua. Mwaka 1880, ndugu wawili Waingereza, William na Ernest Renshaw, walikuwa wakifundisha tenisi Cannes, kusini mwa Ufaransa, na majani ya viwanja vyao yakawa yanaungua kwa joto. Wakachukua vyungu vilivyoharibika kutoka kijiji cha jirani cha wafinyanzi, wakavisaga, wakamwaga unga wake juu ya kiwanja. Kiwanja chekundu ni dawa ya watu ambao majani yao yameungua. Nani Kilosa asiyejua majani yaliyoungua mwezi wa Oktoba?

Na nani Kilosa asiyejua tanuru la matofali? Ukitoka mjini kwa bodaboda huendi mbali kabla ya kuliona, na pembeni mwa kila tanuru kuna rundo la vipande vilivyopasuka motoni ambavyo fundi hawezi kuviuza. Kamba ya katani tunayo, maana mashamba ya Kimamba yako jirani. Hata mwinuko wa nchi unatusaidia. Kanuni za tenisi huruhusu mipira ya aina yake kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, nayo Nairobi imo humo. Kilosa na Mikumi ziko chini sana ya hapo, mpira wa kawaida unatosha.

Kinachokosekana ni mtu wa kucheza naye ambaye hujamzoea. Mtoto anaweza kujifunza kupiga mpira ukutani. Hawezi kujifunza ukutani namna ya kurudi kutoka 3-6, kwa sababu ukuta haumpi hofu. Okutoyi aliijua hofu hiyo kwa sababu alisafirishwa kwenda kuitafuta. Tangu 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa, na mtoto anayepanda asubuhi anafika Dar es Salaam au Dodoma mchana akiwa na nguvu zake zote. Reli ipo tayari. Mashindano matatu kwa mwaka ya watoto chini ya miaka 14, moja Morogoro, moja Dodoma, moja Dar es Salaam, yangegharimu mipira, waamuzi wa kujitolea na nauli ya daraja la kawaida. Naliomba jambo hili kwa dhati, na sioni aibu kuliomba katika wilaya ambayo bado inadai madawati na maji. Watoto wanaodai madawati ndio hao hao wanaocheza jioni.

Agosti hiyo hiyo, niliporudi kutoka Morogoro, mwalimu mmoja rafiki yangu alipima kiwanja nyuma ya madarasa: mita 23.77 kwa 8.23, mistari ya majivu, wavu wa kamba ya katani uliofungwa kwenye miti miwili. Fundi wa tanuru alitupa vipande bure, viroba sita. Watoto walivitwanga kwenye vinu vya nyumbani, wakachekecha unga kwa chekeche la mahindi mpaka mikono na kope zikawa nyekundu. Unga ulitosha kufunika sehemu ndogo tu, kama mkeka wa kulalia watu wawili.

Kanuni inasema mpira ukidondoshwa juu ya sakafu ngumu kutoka sentimita 254 uinuke kati ya sentimita 135 na 147. Binti wa darasa la sita alipanda juu ya dawati akiwa na futi ya fundi cherehani, mdogo wake akachuchumaa chini na kipande cha chaki kando ya mti. Kwenye udongo mtupu mpira wetu, uliokwisha kutumika, uliinuka hadi 96. Wakaufuta mavumbi, wakasogea kwenye unga wa tofali.

"Mwalimu, shika mti usitikisike," akasema yule binti, akaachia.

Mdogo wake akachora mstari. Walipima mara tatu, wakabishana, wakapima tena: 108. Kisha dada akateremka, akamwuliza mwalimu wapi pengine wanachoma matofali.