Kiduha na Njaa ya Udongo: Uhusiano wa Palizi na Mbolea katika Mashamba ya Nafaka ya Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi ya kilimo, palizi na mbolea huwekwa katika sura mbili tofauti. Sura moja humwelekeza mkulima kuondoa magugu ili yasinyang'anyane maji, mwanga na chakula na zao. Nyingine humwelekeza namna ya kulilisha zao lenyewe. Mgawanyo huu unafaa kwa magugu mengi, kwa sababu gugu la kawaida hustawi pale zao linapostawi na mbolea huyanenepesha yote mawili. Kwa kiduha, hata hivyo, mgawanyo huo humpotosha mkulima. Makala haya yanaeleza sababu zake kwa kutumia mfano wa wilaya za Tarime na Serengeti, ambako mahindi, mtama na ulezi ndiyo nafaka za nyumbani. Hoja inayojengwa ni kwamba uhaba wa rutuba ndio unaokiita kiduha shambani, na kwa hiyo kurutubisha udongo ni sehemu ya palizi yenyewe.

Kiduha kinachozungumziwa hapa ni Striga hermonthica, chenye maua ya rangi ya waridi inayokaribia zambarau, ambacho kimeenea katika ukanda unaolizunguka Ziwa Victoria. Wajaluo hukiita kayongo. Kipo kiduha kingine chenye maua mekundu, Striga asiatica, kinachofahamika zaidi katika sehemu nyingine za Tanzania. Tabia za viduha hivi viwili zinafanana sana, ingawa cha ukanda wa ziwa ni kirefu zaidi na madhara yake kwa nafaka ni makubwa.

2.0 Ardhi, mvua na ng'ombe

Mto Mara hupita kati ya wilaya hizi mbili ukielekea ziwani. Kaskazini yake ni Tarime, ambayo eneo lake la kandokando ya ziwa lilimegwa mwaka 2007 kuunda wilaya ya Rorya. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyanda za juu zenye mvua nzuri, kahawa, ndizi na mahindi. Kusini ni Serengeti, yenye makao makuu Mugumu. Kadiri mtu anavyokaribia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ndivyo nchi inavyozidi kuwa kavu, na huko mtama, mihogo na pamba hupata nafasi kubwa zaidi. Wilaya zote mbili hupata mvua za vuli na za masika, na familia nyingi hulima katika misimu yote miwili.

Kulima mara mbili kwa mwaka ni neema, lakini neema hiyo ina gharama. Mashamba yamegawanywa kwa urithi hadi yakawa madogo, na desturi ya kuliacha shamba lipumzike imepungua. Nafaka hupandwa juu ya nafaka. Baada ya mavuno, ng'ombe huingizwa shambani kula mabua, na samadi yao hubaki zizini, ambako aghalabu huloweshwa na mvua na kukaushwa na jua kwa miezi kadhaa. Hivyo shamba hutoa chakula mara tatu, yaani mavuno mawili na malisho, ilhali kinachorudishwa ni kidogo. Katika hali hiyo ndipo kiduha hupata makao.

3.0 Jinsi kiduha kinavyomtambua mwenyeji wake

Mbegu ya kiduha ni ndogo mithili ya vumbi. Urefu wake ni takribani milimita 0.3. Mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mmea mkubwa huweza kufikia mbegu 200,000. Mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Kwa udogo wake, mbegu hiyo haina akiba ya chakula ya kuuwezesha mche kujitegemea. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kuushika, mche wake hufa baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo haioti ovyo. Husubiri udongo upate unyevu na joto kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kisha husubiri ishara.

Ishara yenyewe ni kemikali inayotolewa na mizizi ya mimea. Ya kwanza kutambuliwa ilipatikana mwaka 1966 kutoka katika mizizi ya pamba, na baadaye kundi zima la kemikali hizo likaitwa strigolaktoni. Kwa karibu miaka 40 wanasayansi walibaki na kitendawili: kwa nini mmea utoe kemikali inayomwamsha adui wake? Jibu lilipatikana mwaka 2005, pale watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba kemikali hizo huwaita kuvu wa mikoriza, ambao huishi kwa ubia na mizizi na kuipelekea fosforasi kutoka sehemu ambazo mizizi haifiki. Tafiti zilizofuata zilibainisha kwamba mmea wenye uhaba wa fosforasi huongeza utoaji wa kemikali hizo, na kwamba kwa mtama uhaba wa naitrojeni una athari ya namna hiyohiyo.

Maana yake kwa mkulima ni hii: mhindi uliopandwa katika udongo uliochoka huomba msaada kwa nguvu zaidi kuliko mhindi ulioshiba, na kiduha kimejifunza kuisikiliza sauti ya ombi hilo. Mbegu iliyo milimita chache tu kutoka kwenye mzizi huota, mche wake huugusa mzizi, hutengeneza kinyonyio na kuingia ndani yake. Kuanzia hapo hunyonya maji, madini na sukari ya zao.

Kwa wiki nne hadi saba tangu kunasa, kiduha huishi chini ya ardhi bila kuonekana. Zao hudumaa, majani hupata mabaka ya njano na kunyauka kama lililokosa maji, hata kama udongo una unyevu. Mkulima anayeyaona hayo katika shamba lisilo na gugu lolote lililo dhahiri ana kila sababu ya kushuku nguvu zisizo za kawaida, na si ajabu kwamba katika Kiingereza gugu hili limepewa jina la uchawi. Kwa kawaida palizi ya kwanza huwa imekwisha kabla kiduha hakijajitokeza. Kinapotoa maua juu ya ardhi, sehemu kubwa ya madhara huwa imekwisha kutendeka.

4.0 Mbolea kama palizi

Ikiwa njaa ya zao ndiyo ishara, basi kuishibisha ni kupunguza ishara. Fosforasi inahitajika mapema, wakati wa kupanda. Naitrojeni inahitajika wakati wa kupanda na tena mimea inapoanza kurefuka. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una takribani kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa kipimo cha P2O5, na mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari moja huwa na mashimo yapatayo 9,000. Mfuko mmoja wa DAP kwa ekari basi hutoa gramu tano na nusu hivi kwa kila shimo, kiasi kinachokaribia kizibo kimoja cha soda. Kipimo hicho cha kizibo, kinachotumiwa sana vijijini, hakina dosari ya kihesabu. Dosari hutokea pale mbolea inapotawanywa juu ya udongo au kizibo kimoja kinapogawanywa kwa mashimo matatu.

Jambo moja linahitaji tahadhari hapa. Katika udongo uliochoka sana, kiasi kidogo mno cha mbolea huweza kuongeza idadi ya viduha vinavyojitokeza badala ya kuipunguza, kwa kuwa zao hupata nguvu ya kueneza mizizi, na hivyo kugusa mbegu nyingi zaidi, kabla halijashiba kiasi cha kunyamaza. Mkulima aliyejaribu robo ya mfuko na kuona viduha vimeongezeka hakudanganyika. Alichokiona ni kweli, ila kilitokana na kiasi cha mbolea na si mbolea yenyewe. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, pamoja na usajili wa wakulima, imeufanya mfuko kamili uwe karibu zaidi na uwezo wa familia. Pamoja na hayo, kwa mkulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huweza kulimaliza shamba kwa usiku mmoja, fedha iliyofukiwa ardhini kama mbolea ni dau zito. Kusita kwake hakustahili kuitwa uzembe.

5.0 Samadi: dawa inayoweza kubeba ugonjwa

Kwa jamii zenye ng'ombe kama Wakuria, samadi ndiyo mbolea iliyo karibu zaidi. Mapendekezo ya kawaida ni tani 5 hadi 10 kwa hekta. Mbali na naitrojeni na fosforasi, samadi hurudisha mboji, hushika unyevu na kuwapa uhai viumbe wa udongo. Lakini ng'ombe waliokula mabua katika shamba lenye kiduha huweza kuzimeza mbegu zake, na baadhi ya mbegu hizo hupita tumboni zikiwa hai. Samadi mbichi iliyochotwa zizini na kupelekwa moja kwa moja shambani huweza basi kuhamisha kiduha kutoka shamba la jirani hadi shamba lililokuwa safi. Ng'ombe wanaotembea kutoka boma moja hadi jingine kwa mahari, ambayo miongoni mwa Wakuria ni jambo kubwa, huweza nao kuwa wasafirishaji wa mbegu bila mtu kutambua.

Dawa yake ni joto. Samadi ikirundikwa pamoja na majani mabichi, majivu na mabua yaliyokatwakatwa, kisha ikamwagiliwa na kufunikwa, lundo hupanda joto hadi nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango kinachoua mbegu nyingi za magugu. Kijiti kirefu kikichomekwa katikati ya lundo na kuchomolewa baada ya dakika chache huonyesha hali: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa baridi na kikavu, maji yameisha. Lundo ligeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu ili sehemu za nje, ambazo hazikupata joto, ziingie ndani. Kazi hii ikianza mara baada ya mavuno ya vuli, mboji huweza kuwa tayari kwa masika.

6.0 Mimea inayosaidia palizi

Pamba, alizeti, soya na karanga huamsha mbegu za kiduha bila kuzipa makao. Mbegu huota, hukosa mwenyeji na kufa. Ndiyo maana pamba ya Serengeti, ikipokezana na mtama, ina faida isiyoonekana katika mizani ya mnunuzi. Upande wa mbegu za nafaka, mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili za mtama zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi, zilizotokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009.

Mbinu iliyovutia watafiti wengi zaidi ni ya sukuma-vuta, iliyobuniwa na kituo cha icipe chenye tawi Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kwa kushirikiana na Rothamsted ya Uingereza. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo huzunguka shamba. Awali ilikusudiwa kwa funza wa mabua. Kuangamia kwa kiduha kuligunduliwa baadaye. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha na papo hapo huzuia miche yake isinase, tena huongeza naitrojeni katika udongo. Kwa maneno mengine, mmea mmoja hufanya palizi na kurutubisha.

Ugumu wake Tarime na Serengeti ni wa kijamii kuliko wa kisayansi. Desmodiamu huishi miaka mingi, na ni malisho matamu. Mahali ambapo shamba lililovunwa huwa malisho ya wote, ng'ombe wa jirani huimaliza kabla ya msimu wa pili. Aidha, mkulima huipoteza nafasi ya maharage kati ya mistari, na maharage ni mboga na fedha ya nyumbani. Inafaa zaidi kwa anayefunga ng'ombe wa maziwa na kuwakatia majani kuliko kwa anayechunga.

7.0 Kung'oa

Kung'oa kiduha kwa mkono kabla hakijachanua, kisha kukichoma, ndiko kunakozuia mbegu mpya kuanguka. Kazi hii, ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto, hailiokoi zao la msimu huo. Humfaidi atakayelima shamba hilo miaka ijayo. Kwa mwenye shamba, huo ni uwekezaji. Kwa aliyelikodi kwa msimu mmoja, ni jasho analomtolea mtu mwingine, na haishangazi kwamba mashamba ya kukodi huachwa yachanue zambarau hadi mavuno. Mapatano ya kukodi yanayotaja bei na msimu pekee huliacha jambo hili bila mwenyewe. Yakitaja pia nani atang'oa kiduha kabla ya maua, na nani atakayepeleka mboji, mwenye shamba huweza kupunguza kodi kwa kazi hiyo, na mpangaji akawa na sababu ya kuinama.