Mwenza wako ni raia wa nchi nyingine? Viza ndiyo sehemu nyepesi

Ukikaa asubuhi moja pale mwaloni Kirumba, wakati magunia ya dagaa yanapakiwa, utasikia Kiswahili cha Mwanza, cha Kampala, cha Kisumu na cha Goma. Wanaokuja kununua samaki hurudi na samaki, lakini wapo pia wanaopata wachumba. Upande wa Mara hali ni hiyo hiyo: Wajaluo wa Rorya wana ndugu zao Siaya na Homa Bay, na Wakuria wa Tarime wamekatwa katikati na mpaka uliochorwa na wakoloni. Watu wa ziwa hili wameoana kuvuka maji tangu kabla hatujawa na neno pasipoti.

Kwa hiyo tunapoulizwa namna ya kumleta nyumbani mume au mke aliye raia wa nchi nyingine, swali la kwanza huwa ni viza. Ukweli ni kwamba viza inamfikisha mtu mlangoni tu. Shida nyingi huanza miezi kadhaa baadaye, mwenza akiwa ameshazoea kijiji, mahari imeshatolewa na labda mimba ipo, na muda uliogongwa kwenye pasipoti umekwisha bila mtu kuangalia.

Nani anahitaji viza

Mwenza wako akiwa raia wa Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi, hahitaji viza kuingia Tanzania. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa ruhusa ya kuingia na kukaa hadi miezi 6 kama mgeni. Sudan Kusini, Kongo na Somalia zilijiunga na Jumuiya baadaye, mwaka 2016, 2022 na 2024. Kwa raia wa nchi hizo, ulizia uhamiaji kabla ya safari. Usichukulie kwamba mambo ni yale yale.

Kutohitaji viza si sawa na kutohitaji hati. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana wao kwa wao kwa kitambulisho cha taifa, ila Tanzania haimo kwenye mpango huo. Anayekuja kwetu awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria aliyopewa nchini kwake, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kenya, Uganda na Kongo ziko kwenye ukanda wa ugonjwa huo.

Muhimu zaidi, hati hiyo igongwe muhuri. Hapa watu wa mialoni tunajuana. Mtu anapanda mtumbwi au boti ya dagaa upande wa pili, analala kisiwani siku mbili, anashukia Ukerewe au Musoma, na hakuna ofisa aliyemwona. Siku ya kwenda kuomba kibali anaulizwa aliingia lini na wapi, na hana ukurasa wa kuonyesha. Ndoa inaweza kuwa halali kabisa, lakini kuingia kwake hakukuwa halali, na hapo maombi yanakwama kabla hayajaanza. Nauli ya kuzunguka Sirari, Mutukula, Rusumo au Kabanga ni ndogo kuliko gharama ya kuja kunyoosha jambo hilo baadaye.

Kwa mwenza wa kutoka mbali, tuseme Ujerumani au Marekani, viza huombwa kwa mtandao kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz. Viza ya kawaida ni dola 50 na humruhusu mtu kukaa hadi siku 90. Wamarekani hulipa dola 100 kwa viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, nayo haimruhusu kukaa zaidi ya miezi 3 kwa safari moja. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6. Kuna nchi ambazo maombi ya raia wake hupelekwa kwanza makao makuu kuchunguzwa, na hapo kusubiri huwa kurefu, kwa hiyo msinunue tiketi kabla ya jibu.

Angalia mwisho wa anwani ya tovuti. Ya serikali huishia na .go.tz. Zipo kurasa nyingi zenye bendera yetu na picha ya twiga ambazo si za serikali, zinazochukua pesa mara mbili au tatu ya bei halali. Kuna wanaolipishwa na hawaoni viza.

Cheti cha ndoa, si picha za harusi

Hapa ndipo ningependa msikilizaji atulie kidogo, maana ndipo kesi nyingi za vijijini hukwama.

Kwetu, ng'ombe wakishatolewa, ndoa imeshakuwa ndoa. Wazee wameshiba, jina la ukoo limetajwa, nani atauliza zaidi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, kama inavyotambua ya Kiislamu, ya kanisani na ya bomani. Lakini sheria hiyo hiyo inawataka waliofunga ndoa ya kimila waisajili ndani ya siku 30. Wengi hawasajili. Mtanzania kwa Mtanzania wanaweza kuishi hivyo hadi uzeeni bila kuulizwa. Mmoja akiwa mgeni, cheti ndicho kinachobeba maombi yote.

Wengine hujitetea kwa ile habari ya miaka miwili. Ni kweli kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana. Ila hiyo ni dhana inayotumika mahakamani, kwa kawaida watu wanapogombana juu ya mali au matunzo, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Si karatasi utakayoiweka juu ya meza ya ofisa uhamiaji.

Mnaotaka kufunga ndoa ya serikali mnatoa notisi kwa msajili, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Hesabuni siku hizo 21 pamoja na siku alizopewa mgeni pale mpakani. Mgeni aje na uthibitisho kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine inayozuia hii. Kama mlioana nje, kileteni cheti halisi, na kikiwa cha Kifaransa, kama vya Bujumbura au Bukavu, kitafsiriwe na mtu anayetambulika. Nakala iliyopigwa picha kwa simu haitoshi.

Baada ya kuingia

Anayeingia kama mgeni hana kibali cha kuishi. Kabla siku zake hazijaisha, aombe hati ya kukaa. Kwa mke wa Mtanzania, njia ya kawaida ni pasi ya mtegemezi, yaani ruhusa ya kuishi nchini kwa sababu anamtegemea mtu aliye hapa kihalali. Kwa mume mgeni, maofisa wataangalia pia anafanya nini. Kibali cha ukaazi Daraja A ni cha mwenye biashara au uwekezaji wake, Daraja B ni cha mwajiriwa, na Daraja C ni cha wengine kama wanafunzi, watafiti na watumishi wa dini.

Maombi huanzia mtandaoni, na malipo hupitia namba ya malipo ya serikali, ile tunayoita kontroo namba. Asiye na simu ya kisasa aende ofisi ya uhamiaji ya wilaya au ya mkoa. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na pasipoti ya mgeni yenye muhuri wa kuingia, cheti cha ndoa, picha, barua ya mwenyeji, na ushahidi kwamba mwenyeji ni raia: cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha NIDA. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inasaidia, kwa sababu maofisa wanaweza kufika kwa mwenyekiti wenu wa kitongoji kuuliza kama kweli mnaishi pamoja. Mwambieni mwenyekiti mapema, asije akashtuka na kusema hamjui mgeni huyo.

Pasi ya mtegemezi haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Kazi inahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Na biashara ndogo sasa ni eneo la kuogopa kweli. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kwenye orodha hiyo kuna uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni isipokuwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii, biashara ya rejareja na jumla, uchimbaji mdogo wa madini na kununua mazao shambani. Upande wa Kenya ulilalamika kwamba amri hiyo inakinzana na soko la pamoja. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza au kibali. Mtanzania anayemsaidia anaweza kutozwa milioni 5 au kufungwa miezi 3.

Tafakari maana yake nyumbani. Umeoa binti wa Jinja, ni msusi hodari, mnafungua kibanda cha saluni pale Buzuruga, leseni kwa jina lako, mikono ni ya kwake. Mnahatarisha kibanda, pesa, na haki yake ya kuendelea kuishi na wewe. Kabla ya kununua hata kioo, nendeni ofisi ya biashara ya halmashauri mkaulize, kisha uhamiaji.

Uraia: mke na mume hawapimwi kwa mizani moja

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mume wake akiwa hai. Atalazimika kuacha uraia wake wa awali, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha.

Maneno hayo, "mume wake akiwa hai", yasomwe mara mbili na wanaoishi kwa uvuvi. Ziwa hili lina upepo wake, na mke wa mvuvi analijua kuliko mimi ninayekaa studio. Mume akifa maji kabla mke hajaomba, njia hiyo maalumu ya ndoa imefungwa. Hata pasi yake ya mtegemezi ilisimama juu ya mume huyo. Mjane anabaki na watoto Watanzania, kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, yeye mwenyewe akiwa mgeni asiye na msingi wa kibali. Ndugu wa mume wakitaka kumwondoa, hawahitaji hata kwenda baraza la ardhi, wanapiga simu uhamiaji tu. Kama mmeamua kwamba maisha yenu ni hapa, kuahirisha ombi mwaka hadi mwaka ni kumwachia yeye peke yake mzigo wa hatari.

Mwanamke wa Kitanzania aliyeolewa na mgeni hana la kumpa mume wake kwa njia hii. Mume ataomba uraia wa tajnisi kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Kuwa na watoto watano na mke Msukuma hakupunguzi hata mwaka mmoja.

Vuka mpaka hadi Kisumu uone tofauti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyeishi katika ndoa na Mkenya kwa miaka 7, awe mwanamume au mwanamke. Tanzania iliridhia mwaka 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inataka usawa katika uraia. Sheria yetu haijafika huko. Kwa maoni yangu ni vigumu kumweleza binti wa Sengerema kwa nini kaka yake anaweza kumpa mke wake kitu ambacho yeye hawezi kumpa mume wake, na wote wamezaliwa tumbo moja.

Kwa watoto, sheria ni nafuu. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni raia mzaliwa wa Tanzania ni raia tangu kuzaliwa, mzazi huyo awe baba au mama. Mkatieni cheti cha kuzaliwa mapema, majina ya wazazi wote wawili yakiwa yameandikwa sawasawa na kwenye hati zao. Kama ana uraia wa pili kupitia mzazi mgeni, akifikisha miaka 18 atatakiwa kuchagua mmoja.

Jambo la mwisho ni la leo jioni. Chukua pasipoti ya mwenza wako, fungua ukurasa wenye muhuri, soma tarehe ya kuingia na siku alizopewa. Iweke tarehe ya mwisho kwenye simu zenu zote mbili, na nyingine wiki 6 kabla yake. Hiyo ya kwanza kulia ndiyo siku ya kwenda uhamiaji.