Je, Wajua? Ndege Ndogo za Simuleta ya Nyumbani

Je, wajua kwamba simuleta ya urukaji iliyovuma kuliko zote ilianzia kwenye tasnifu ya mwanafunzi? Bruce Artwick, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliandika mwaka 1975 kuhusu namna ya kuonyesha mwendo wa ndege kwenye skrini ya kompyuta. Mwaka 1982 Microsoft ikatoa Flight Simulator yake ya kwanza kwa kompyuta za IBM, na kazi hiyo ilikuwa ya Artwick. Ndege aliyopewa mchezaji ilikuwa Cessna 182: injini moja, pangaboi moja, viti vinne. Jeti kubwa za abiria zilikuja baadaye sana.

Kwa miaka mingi mchezaji alianzia Meigs Field, uwanja mdogo uliokuwa kando ya Ziwa Michigan mjini Chicago. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, meya Richard M. Daley alipeleka mabuldoza yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Uwanja ukafa. Lakini Novemba 2022, programu ilipotimiza miaka 40, Microsoft iliurudisha Meigs ndani ya simuleta, na leo unaweza kupaa kutoka kwenye lami ambayo duniani haipo.

Je, wajua ni ndege gani iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote katika historia? Si ya kivita wala ya abiria mia mbili. Ni Cessna 172, iliyopaa mara ya kwanza mwaka 1955. Zaidi ya 44,000 zimetoka kiwandani. Ndiyo maana karibu kila simuleta ya nyumbani inakuja nayo: Flight Simulator ya Microsoft, X-Plane ya Austin Meyer, hata FlightGear inayogawiwa bure. Wengi huipita haraka wakidhani ni ya wanagenzi. Wanakosa mengi.

Ni Cessna 172 ambayo kijana wa Ujerumani mwenye umri wa miaka 18, Mathias Rust, aliirusha kutoka Helsinki tarehe 28 Mei 1987 hadi Moscow, akaipita mitambo ya ulinzi ya Muungano wa Kisovieti na kutua karibu na Uwanja Mwekundu. Na ni Cessna 172 ambayo Robert Timm na John Cook walikaa nayo angani juu ya jangwa la Nevada kuanzia tarehe 4 Desemba 1958 hadi tarehe 7 Februari 1959. Siku 64, saa 22 na dakika 19 bila magurudumu kugusa ardhi! Mafuta waliyapata kwa mpira uliovutwa juu kutoka kwenye lori lililokuwa likikimbia barabarani chini yao. Kilichowashusha ni injini yenyewe: masizi yalikuwa yamejaa kwenye plagi na silinda, nguvu ikapungua hadi ndege ikawa inapanda kwa shida. Ndege hiyo ipo hadi leo, imetundikwa katika uwanja wa ndege wa Las Vegas.

Nimekaa kwenye habari ya masizi kwa sababu hapo ndipo ndege za nyongeza, zile unazoziongeza mwenyewe kwenye simuleta, zinapotofautiana. Nyingi hazikumbuki lolote. Unaitesa injini leo, kesho unaiwasha ikiwa mpya. Lakini kampuni ya A2A Simulations ya Marekani ilitengeneza mfumo wake, Accu-Sim, ambamo ndege inabeba historia yake. Piper Comanche 250 waliyoitoa mwaka 2023 kwa ajili ya simuleta ya Microsoft ndiyo ndege ndogo ninayoipenda kuliko zote zilizowahi kuingia kwenye kompyuta. Ukiilazimisha injini ikiwa bado baridi, silinda zinachakaa. Ukiacha swichi kuu imewashwa, utaikuta betri imekufa. Kabla ya kuruka unaizunguka ndege kwa miguu, unapima oili, unachota mafuta kidogo kuangalia kama yameingiwa na maji. Ukikiuka hayo, gharama yake huilipi siku hiyohiyo. Inakuja safari kadhaa mbele, wakati umesahau. Rubani yeyote wa kweli atakwambia injini zake zinaishi hivyohivyo.

Comanche yenyewe ina kisa. Mwaka 1959 rubani Max Conrad aliiwekea matangi ya ziada, akaruka kutoka Casablanca, Moroko, hadi Los Angeles bila kutua popote, zaidi ya kilomita 12,000, akiwa peke yake. Na mwaka 1972 uzalishaji wake ulikoma baada ya mafuriko ya kimbunga Agnes kuingia katika kiwanda cha Piper mjini Lock Haven, Pennsylvania, na kuharibu mitambo. Haikuundwa tena.

Je, wajua kwa nini mtu aliyezoea Cessna huzimikiwa na injini ya Piper angani huku mafuta yakiwa bado yapo? Kwenye Cessna 172 swichi ya mafuta ina sehemu ya kuyafungua matangi yote mawili kwa pamoja. Mabawa yako juu, mafuta yanateremka yenyewe. Piper PA-28 ina mabawa chini, mafuta yanavutwa kwa pampu, na swichi yake inakupa tangi la kushoto au la kulia tu. Usipobadilisha, la kushoto litakauka, injini itakohoa na kunyamaza, ilhali la kulia limejaa. Just Flight ya Uingereza imeziunda Warrior na Arrow za ukoo huu kwa uangalifu mkubwa, na ukirusha Arrow yao jifunze kuitazama saa: kila nusu saa, badilisha tangi.

Barafu kwenye joto la pwani? Ndiyo. Ndani ya kabureta, hewa inapopita kwenye koo jembamba na petroli kugeuka mvuke, joto linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hewa ya nje ikiwa na unyevu mwingi, kama asubuhi ya Mombasa au Tanga, barafu inaweza kuganda humo hata kama rubani amevua koti. Hatari ni kubwa zaidi unapopunguza nguvu ukijiandaa kutua. Dawa yake ni wenzo wa kupeleka hewa moto kwenye kabureta, na ndege nzuri ya nyongeza itakuadhibu usipoukumbuka.

Sasa tuingie kwetu, maana Afrika Mashariki ni darasa gumu kwa ndege ndogo, na simuleta inalifundisha bila huruma. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Hesabu ni nyepesi: injini ya hospawa 180 ikiwa Wilson imebaki na kama 150 kabla hata magurudumu hayajasogea. Halafu mafuta ni mengi kuliko hewa. Kitabu cha Cessna kinasema uwanja ukizidi futi 3,000, punguza mafuta kwanza, tafuta mzunguko wa juu wa injini, ndipo uruke. Anayekuja kutoka Dar es Salaam akiwa amezoea kusukuma wenzo mwekundu wa mafuta hadi mwisho ataona njia ya kurukia inakwisha na ndege haijanyanyuka vizuri. Mimi huitumia Wilson kama mtihani: nikipakua ndege mpya, jambo la kwanza ni kuiweka pale na mafuta yamefunguliwa yote. Ikipaa kwa wepesi kama iko pwani ya Bahari ya Hindi, aliyeiunda hakufanya kazi yake.

Na Kilimanjaro? Kila mwenye simuleta hujaribu kupita juu ya Kibo, na wengi hushangaa. Kilele kiko mita 5,895, yaani kama futi 19,340. Cessna 172S inaishiwa nguvu ya kupanda kwenye futi 14,000. Hata mlima Meru, wenye mita 4,566, unaishinda. Beechcraft Bonanza G36, ndege ya bei kubwa, inafika futi 18,500: Mlima Kenya inauvuka, Kibo haiwezi. Diamond DA62 ya Austria, yenye injini mbili za turbo, inafika futi 20,000 na kupita juu ya theluji kwa nafasi ndogo. DA62 ina sifa nyingine inayofaa bara letu: injini zake za dizeli zinatumia mafuta yaleyale ya ndege za jeti, si petroli maalumu ya ndege ambayo viwanja vingi vya Afrika havina. Ukiwa kwenye 172, zunguka mlima. Marubani wa kweli wa Arusha na Moshi hufanya vivyo hivyo, na kwa kweli mandhari ni bora zaidi kutoka ubavuni.

Haraka haraka, kabla nafasi haijaisha. Piper Cub ya zamani haina geji ya mafuta ya kawaida, ina waya uliochomekwa kwenye kipande kinachoelea ndani ya tangi. Waya ukizama, tafuta mahali pa kutua. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Robin DR400 ya Ufaransa, kipenzi cha vilabu vya huko, ni ya mbao na kitambaa, nayo bado inaheshimika hewani. Carenado, waliojaza simuleta zetu kwa ndege ndogo zenye sura ya kuvutia kwa miaka mingi, wako Chile. Cirrus SR22 hubeba parachuti la kuishusha ndege nzima pamoja na waliomo.

Je, saa zako za nyumbani zinahesabiwa kwenye leseni? Hapana. Marekani inakubali saa chache tu, na ni kwenye mitambo iliyoidhinishwa, ukiwa na mwalimu. Kwa leseni ya kuruka kwa vyombo, mtambo wa daraja la juu wa aina hiyo unaweza kukupa hadi saa 20. Kompyuta ya sebuleni haimo. Inachokupa ni mazoea ya mkono na jicho, na mpangilio wa hatua zinazofuatana kichwani.

Huna fedha? Pakua FlightGear, ambayo haina malipo, chukua Cessna 172 yake, andika HTDA kwenye sehemu ya kuondokea, uwe Dar es Salaam. Pumzika kidogo uangalie geji. Kisha lenga kaskazini karibu moja kwa moja, kilomita 73, sehemu kubwa juu ya maji, hadi HTZA, Unguja. Ni safari ya nusu saa hivi. Zima ramani, tumia dira na saa peke yake, na usiruke asubuhi ya kwanza ukiwa umeweka upepo sifuri. Weka kusi ya mwezi wa Julai uone ndege inavyosukumwa pembeni.